Tupeane uzoefu: magari ya ajabu kwenye picha za zamani, Dodoma na Kanda ya Kati

Mjukuu wa Mlali (mleta uzi)

Mbukwenyi wakuu.

Wiki iliyopita nilikuwa Mlali kwa Bibi. Tukafungua lile sanduku la bati ambalo utotoni ukilisogelea tu unaitwa jina lako lote. Ndani kuna kanga zinazonuka dawa ya nondo, stakabadhi za kodi ya kichwa, na bahasha ya picha. Moja imeninyima usingizi.

Babu kasimama, kijana kabisa, kaptula pana, kofia mkononi, mguu mmoja kakanyaga dude la chuma ambalo sikulielewa. Lina cheni kama za buldoza, lakini si buldoza. Bodi nene, imeinama mbele kama pua ya boti, juu kuko wazi kama kopo lililofunguliwa, na dereva anaonekana kuanzia kifuani. Nyuma linaburuta mnyororo mnene, pingili moja kubwa kuliko kiatu cha babu.

Bibi amevuka 90. Hakuhangaika hata kuvaa miwani. "Hicho kifaru. Babu yenu aliendesha kifaru Kongwa."

Sentensi hiyo tumeisikia tangu tunanyonya. Mdogo wangu alikua akiamini babu alikuwa akimpanda yule mnyama mwenye pembe. Mimi nikajua alipigana vita ya Hitler, na shuleni nimewahi kujigamba nayo.

Sasa kilichonichekesha ni nyuma ya picha. Majina ya watu wote yameandikwa kwa kalamu ya risasi, mpaka mtoto aliyekatwa nusu pembeni. Gari halikuandikwa. Nadhani kila nyumba ni hivyo hivyo. Leteni na zenu: picha ina gari gani, mlilitambuaje, na lilikuwa la nani kweli. Nianze na hili langu, mwenye kujua anisaidie.

Chuma Chakavu

Mkuu, Bibi yuko sahihi kwa asilimia 100, muombe radhi.

Hiyo ni Shervick. Vita ilipoisha 1945 Waingereza walikuwa na shida kubwa ya mafuta ya kula, wakaanzisha mradi wa karanga huku kwetu mwaka 1947. Kongwa ndiyo ilikuwa ya kwanza, Urambo na Nachingwea zikafuata. Walitaka kulima zaidi ya ekari milioni 3. Matrekta mapya hayakupatikana dunia nzima, wakanunua mitumba ya jeshi la Marekani iliyoachwa Ufilipino, na hayo nayo mengi yalifika yamechoka. Ndipo kiwanda cha Vickers kikachukua vifaru vya Sherman, kikaondoa kile kichwa chenye mzinga, kikavigeuza matrekta. Sherman na Vickers, ndiyo Shervick.

Huo mnyororo ni wa kung'olea vichaka. Mashine mbili zinatembea sambamba, mnyororo katikati, kila kilichosimama kinalala. Isipokuwa mbuyu. Mbuyu unajua mwenyewe.

Tatizo lilikuwa ardhi. Aliyewahi kushika jembe Kongwa mwezi wa nane anajua: udongo umekauka unakuwa kama saruji, na mchanga wake unakula chuma. Januari 1951 serikali yao ikatangaza kuachana na mradi, pauni milioni 36 zimekwenda na maji. Hata ile reli ya kutoka Msagali kwenda Kongwa ilikuja kung'olewa.

Kwa hiyo babu yako hakupigana vita ya Hitler, alipigana na mibuyu. Heshima yake ibaki pale pale.

Mtoto wa Makole

Naweka kambi hapa. Endeleeni wazee.

Mama Wawili

Mimi sina kifaru, nina aibu.

Sebuleni kwetu Chang'ombe kulikuwa na picha kubwa ya fremu. Baba kavaa suti, kaegemea Peugeot 404 nyeupe, mkono mmoja juu ya boneti, ule mkao wa mtu mwenye mali. Nyuma yanaonekana majengo ya stesheni. Hiyo ndiyo "Pijo ya baba" iliyouzwa kabla hatujazaliwa "ili tusome". Kila nikifeli mtihani nilikumbushwa: gari zima liliuzwa kwa ajili yenu!

Nimeolewa, nikapelekwa ukweni Kikuyu. Mama mkwe akatoa albamu. Ukurasa wa tatu: baba mkwe, suti, Peugeot 404 nyeupe, mkono juu ya boneti, stesheni nyuma. Namba ileile. Na bampa la mbele lina kovu lilelile upande wa kushoto.

Nilikaa kimya mpaka tukarudi nyumbani. Nilipomuuliza baba alicheka mpaka akakohoa. Gari lilikuwa la mgeni aliyekuwa akilala hotelini pale mbele ya stesheni. Mpiga picha alikuwa ameelewana na dereva wake, kila anayetaka kupigwa nalo anaongeza hela kidogo, wanagawana. Ukifungua maboksi ya Dodoma yote hiyo Pijo ina watoto mia.

Suti, akasema, ilikuwa ya mpiga picha pia.

Gereji Kizota

Mama Wawili umeniua 😂

Hiyo 404 ilitoka 1960. Ukitaka kuijua kwenye picha angalia nyuma: ina mapezi mawili kama ya samaki juu ya taa. Gia iko kwenye usukani, dereva anavuta kama anachota maji.

Kwa wenye picha za Land Rover, maana najua ndizo nyingi, nawapa njia ninayotumia mimi. Tazama taa kubwa za mbele. Zikiwa zimebanana katikati, huku na huku ya rejeta, hilo ni la zamani. Zikiwa zimehamia pembeni kwenye madigadi, ni la mwishoni mwa miaka ya 60 kuja mbele. Shoo, yaani ile grili ya mbele ya rejeta, ikiwa ya plastiki, hiyo ni Series III, toleo la tatu, 1971 na kuendelea. Ubavu nao unasema: bapa kama ubao ni Series I, ya 1948 hadi 1958, ukiwa na tumbo kidogo juu, ni II kuja mbele. Lakini msiape. Land Rover huku halifi, linakufa la jirani na lako linarithi shoo yake. Mimi mwenyewe nimefunga uso wa 1972 kwenye gari la 1964, likatoka barabarani likiwa kijana.

Bahi Sokoni

Fundi, hapo hapo nikudake. Nina picha ya marehemu baba mkubwa, alikuwa bwana mifugo miaka ya 60. Amekaa kwenye Land Rover isiyo na turubai, ng'ombe wamelizunguka. Sote tunasema Land Rover. Ila kuna kitu hakikai sawa. Kona zake ni za duara mno, limekaa kama sabuni iliyotumika. Nembo haionekani, ng'ombe kaweka kichwa hapo hapo.

Gereji Kizota

Kuna chochote kimebaki cha hilo gari? Mlango, bodi, chochote?

Bahi Sokoni

Boneti ndilo paa la banda la kuku la shangazi mpaka leo.

Gereji Kizota

Safi. Vunja spika mbovu ya redio, toa sumaku, nenda kaiweke kwenye hilo boneti. Land Rover bodi yake ni aluminiamu, sumaku itateleza idondoke. Ikishika, rudi hapa.

Mnada wa Msalato

Wakati tunasubiri sumaku, mimi nilete ya Kondoa.

Picha ni ya lori la Bedford lenye pua, bodi ya mbao, limepakia magunia mpaka limekaa kama mjamzito. Iko Bereku, pale mlima unapoanza kukukumbusha dhambi zako, kabla ya lami hii ya sasa. Nyuma ya lori ananing'inia kijana, mkono mmoja kashika kamba, mwingine kashika kipande cha mti chenye mpini. Wajukuu wanauliza: huyu babu anakwenda kupiga nani?

Huyo ni mimi, na hicho ni kigogo.

Breki za malori yale zilikuwa za kuomba Mungu. Mkipanda mlima, injini ikizidiwa, dereva anapiga honi mara moja. Utingo unaruka chini gari likiwa bado linasogea, unakimbia nalo, na likisimama tu unasukuma kigogo nyuma ya tairi kabla halijaanza kurudi. Usipoweka mpini mrefu vidole vinabaki pale. Tairi likikikalia kigogo unasikia mti unalia kriii, halafu lori zima linashusha pumzi. Dereva anatia gia, linanguruma, wewe unachomoa, unakimbia kulidaka. Mlima mmoja unafanya hivyo hata mara kumi, na jua la Kondoa liko kisogoni.

Kigogo changu kilikuwa cha mpingo. Madereva walikuwa wakinigombania kwa ajili yake, si kwa ajili yangu. Kwenye picha kimetoka vizuri kuliko sura.

Mtoto wa Makole

Mzee wangu shikamoo. Hiyo sijawahi kuisikia popote.

Mnada wa Msalato

Marahaba mwanangu. Kizazi chenu mna hendibreki.

Mpwapwa Juu

Yangu ni fupi ila ilileta kesi ya ukoo. Mzee wetu ana picha ya maandamano hapa mjini, watu na mabango, yeye mbele. Miaka yote anasimulia: hapo tunaunga mkono Azimio la Arusha, 1967, na mimi nilikuwa mstari wa kwanza. Kijana wangu anayependa magari akaivuta kwenye simu. Nyuma ya umati kuna gari jeupe, matako yameteremka, taa za mbele zimekatwa kama trapeza. "Babu, hii ni Peugeot 504. Ilionyeshwa mara ya kwanza Ufaransa, Septemba 1968."

Kimya. Mzee akatazama picha, akatazama mjukuu. Baadaye akasema basi itakuwa 1973, ilipoamuliwa makao makuu yahamie Dodoma. Inawezekana. Mabango yenyewe hayasomeki. Lakini tangu siku hiyo kijana hapewi firigisi.

Binti wa Relwe

Mpwapwa Juu umenikumbusha herufi za namba za magari. Kama namba inasomeka nusu tu, angalieni mwanzo. SU ni shirika la umma, ST ni serikali. Nina picha ya mama kakaa kwenye Volkswagen Kombi, ile yenye kioo cha mbele kilichogawanyika mara mbili, ina maana ilitengenezwa kabla ya katikati ya 1967. Ubavuni inasomeka "SU" na tarakimu moja. Hapo nikajua kumbe lilikuwa gari la kazini, na siku ile ni jumapili, maana mama kavaa gauni la kanisani. Nani alimbeba na gari la shirika jumapili? Mama anasema hakumbuki. Baba anasema hataki kujua.

Chuma Chakavu

😂😂 Funga hiyo albamu dada.

Kwa faida ya vijana: mwanzoni mwa miaka ya 80, wakati wa shida ya mafuta, magari binafsi yalikatazwa kutembea jumapili kuanzia saa nane mchana bila kibali. Kwa hiyo picha ya jumapili jioni ya kipindi hicho ikiwa na gari barabarani, mwenye gari ama ana kibali ama ana moyo.

Bahi Sokoni

Fundi, nimerudi. Sumaku IMENG'ANG'ANIA. Nimeivuta kwa mikono miwili, kuku wote nje. Na kwa ndani kutu imekula tundu ambalo kifaranga anapitisha kichwa.

Gereji Kizota

Basi hiyo ni Austin Gipsy, ndugu yangu. Waingereza wa kampuni ya BMC waliitengeneza 1958 hadi 1968 ili kumpiga Land Rover. Za mwanzo hazikuwa hata na springi za majani, zilikalia raba zinazojisokota, kwa hiyo mwendo wake ulikuwa laini. Ila bodi walitumia bati la chuma, na kutu haikuwasamehe, ndiyo maana zilizobaki ni chache. Mwambie shangazi asiliuze kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Samahani Chuma Chakavu, sikusemi wewe.

Chuma Chakavu

Mimi nilishaanza kutafuta nauli ya Bahi.

Bahi Sokoni

Shangazi amesema auze paa kuku walale wapi. Nimemwekea kiraka cha turubai kwenye lile tundu, mazungumzo yanaendelea.

Mjukuu wa Mlali (mleta uzi)

Wakuu nawashukuru. Jana nimerudi kwa Bibi, nikamsomea yote, kuanzia Shervick mpaka kigogo. Kwenye kigogo aligonga goti akasema hata Kongwa walikuwa nacho. Kwenye Pijo ya stesheni alinyamaza kidogo, akataka arudishiwe ile bahasha aikague upya, maana kuna picha moja babu amevaa saa.

Nikamwomba radhi kwa miaka yote tuliyomcheka kuhusu kifaru. Hakunijibu. Alitaka nimtafutie kwenye simu picha ya kifaru kizima, chenye kichwa na mzinga. Nikampa. Akaishika mbali, akaisogeza karibu, akaiweka kando ya ile ya babu.

"Ehee," akasema. "Wanaume walikikata kichwa, wakampa mume wangu kiwiliwili."