Shamba lina risasi (madini ya lead) ya betri: nipande alizeti au niache?

Mkulima_Jomvu
Salaam alaikum wakulima. Tuna robo eka huku Jomvu, chini ya mahali palipokuwa pakivunjwa betri za magari. Kazi ile ilikoma zamani, ila kila masika maji meusi yalikuwa yakishukia kwetu. Mamangu hulima mchicha, muhogo na nyanya. Kuna kijana kaniambia nipande alizeti, eti itanyonya sumu yote. Ni kweli?

Mzee_wa_Makupa
Pima kwanza, mwanangu. Owino Uhuru, kile kijiji kilichodhuriwa na risasi ya kiwanda cha betri, si mbali nawe. Mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, rufaa ikaitangua, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Kesi miaka yote hiyo, risasi iko palepale. Haiozi hiyo.

Fundi_Udongo
Alizeti sahau. Risasi hung'ang'ania udongo, mizizi hupata kidogo sana; utangoja miongo. Na kile kidogo kikishapanda juu, majani yenyewe ndiyo taka ya sumu: usiwape mbuzi, usichome.

Chota udongo wa juu, sentimita 15 hivi, pembe mbalimbali. Njia ya yale maji ifungie mfuko wake, usiichanganye na kwingine. Omba kipimo cha risasi, aseniki (sumu nyingine) na pH, yaani kiwango cha asidi. Ulizia kwa Mkemia wa Serikali, ana ofisi Mombasa. Marekani walitumia kikomo cha miligramu 400 za risasi kwa kilo ya udongo wa makazi, mwaka 2024 wakashusha hadi 200. Ukipata maelfu, hapo si pa kulima chakula, ni kuondoa udongo au kuufunika.

Ikiwa ni mia chache, lengo si kuitoa, ni kuifunga udongoni mimea isiinyonye. Mboji kwa wingi, na chokaa pH ikiwa chini ya 6.5. Usimwage chokaa kwa kubahatisha. Kwenye udongo wa matumbawe huenda usiihitaji kabisa.

Mkulima_Jomvu
Nasikia fosfeti pia huifunga. Niweke mbolea ya DAP?

Fundi_Udongo
Fosfeti huifunga kweli, lakini DAP huongeza asidi, afadhali TSP, mbolea nyingine ya fosfeti. Na hata hiyo, subiri kipimo cha aseniki. Betri huwa na aseniki, na fosfeti huifungua hiyo.

Mama_Shuu
Mbona hamtaji watoto? Hatari kubwa ni vumbi, si mboga peke yake. Viatu viachwe nje, mikono ioshwe kabla ya kula, wadogo wapimwe damu. WHO inasema hakuna kiwango cha risasi kilicho salama.
Mchicha uhamishie kwenye matuta ya juu yenye udongo wa kuletwa, chini tandika kitambaa kizito. Nyanya na bamia zina nafuu, tunda halichukui sana, ila zioshe vizuri.

Mkulima_Jomvu
Ahsanteni sana. Na muhogo ulio ardhini sasa, tukimenya si unafaa?

Fundi_Udongo
Kumenya kunapunguza, hakumalizi. Uacheni ardhini hadi majibu yatoke. Na mama asiuze kisamvu chake sokoni.