Mjadala: Kozi za PowerPoint zifutwe, watu wafundishwe kuandika kwanza?

Kalamu Nyekundu (mtoa mada)

Wadau, salaam. Naleta hoja ambayo najua wakufunzi wa kompyuta hawataipenda: kozi za programu za slaidi, kwa jinsi zinavyofundishwa sasa, zifutwe. Sisemi zipunguzwe. Zifutwe, na muda wake wapewe walimu wa uandishi na wa kuzungumza mbele ya watu.

Chukua mtaala wa kozi ya kawaida ya aina hii. Kufungua faili jipya, kuchagua kiolezo, kuingiza picha, kuingiza jedwali, kubadilisha rangi, kisha animesheni, animesheni, animesheni. Mwanafunzi anahitimu akijua kulifanya neno lizunguke hewani kabla ya kutua, lakini hajaulizwa hata mara moja: watu hawa wakitoka humu ndani unataka wawe wameamini nini, au wakafanye nini? Matokeo yake tunayajua. Mtu anasimama, anatupa mgongo, anaanza kutusomea maandishi ambayo sote tumeshayamaliza yeye akiwa bado mstari wa pili.

Hili si suala la ladha. Richard Mayer, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechunguza kwa miaka mingi jinsi watu wanavyojifunza kwa picha na sauti, alionyesha kwamba picha ikiambatana na maelezo ya mdomo hufundisha vizuri kuliko picha, maelezo ya mdomo na maandishi ya maneno yaleyale vikirundikwa pamoja. Ukiyaweka kwenye skrini yote unayoyasema, unamlazimisha msikilizaji achague kati ya kukusoma na kukusikiliza.

Jeff Bezos, mwanzilishi wa Amazon, aliziondoa slaidi kwenye vikao vya viongozi wa kampuni hiyo mwaka 2004. Mtoa hoja anaandika waraka wa sentensi kamili, kurasa sita, na kikao kinaanza kwa watu kuusoma kimya. Nadhani sababu iko wazi. Ukiandika aya, huna budi kuonyesha hili limetokana vipi na lile. Vitone, zile nukta za kuorodhesha hoja kwenye slaidi, vinakusamehe kazi hiyo. Mauzo yameshuka, kitone. Wateja wamebadilika, kitone. Tuongeze matangazo, kitone. Nani kasema la kwanza limeletwa na la pili? Hakuna aliyesema, na kwa kuwa hakuna aliyesema, hakuna wa kuulizwa.

Naomba kuwasilisha.

Mkufunzi

Mkuu Kalamu, mimi ni mmoja wa hao unaotaka wafutwe, kwa hiyo nivumilie nikipandisha sauti kidogo. Ulichokieleza ni kozi mbovu. Kozi mbovu za uandishi nazo zimejaa, mbona hujasema zifutwe?

Asiyeijua programu haachi kuitumia. Anaitumia vibaya, usiku, kesho yake ana kikao. Anabadilisha fonti slaidi moja baada ya nyingine kwa sababu hajui kuna slaidi masta, ambako ukirekebisha mara moja faili zima linafuata. Anapanga visanduku kwa kukadiria kwa macho, ilhali amri ya kuvinyoosha ipo. Anabandika picha nzito hadi faili linakataa kwenda kwa barua pepe. Akiulizwa swali kuhusu slaidi ya 14 anatoka kwenye onyesho, anatuonyesha mafaili yake yote, anateremka akitafuta, wakati angeandika 14 na kubonyeza Enter akafika. Muda unaoliwa na hayo ndio muda ambao angeutumia kufikiri, hicho unachokililia wewe.

Halafu kuna jambo hujaligusa kabisa. Programu yenyewe ina maoni. Ukiongeza slaidi mpya kwenye PowerPoint, kwa kawaida inakuletea kichwa juu na kisanduku cha vitone chini. Hukuomba vitone, umepewa. Ukijaza kisanduku kupita kiasi, programu haikuambii umezidisha, inapunguza herufi zenyewe ili maneno yaenee. Ukiendelea kujaza, zinaendelea kupungua. Nusu ya slaidi zisizosomeka duniani hakuna mtu aliyekaa akaamua ziwe na herufi ndogo, programu iliamua kwa niaba yake na yeye hakugundua.

Ndiyo maana somo langu la kwanza ni kuzima huko kujipunguza, kwenye mipangilio ya masahihisho ya kiotomatiki. La pili ni kuanza na slaidi tupu. Mtu atavikataaje vitone kama anadhani ndivyo slaidi inavyozaliwa?

Msikilizaji wa Nyuma

Mimi kila kikao nakaa viti vya nyuma. Naomba herufi ninazoziona. Mengine malizaneni.

Nati na Bolti

Mko kwenye fonti na kurasa sita, lakini suala hili liliwahi kufika mahali pazito zaidi. Tarehe 16 Januari 2003 chombo cha anga Columbia kiliporuka, kipande cha povu gumu kilibanduka kwenye tangi la nje kikagonga bawa la kushoto. Chombo kikiwa bado angani, wahandisi wa Boeing walitathmini madhara na kuwapelekea wakubwa wa NASA, shirika la anga la Marekani, matokeo kwa slaidi. Tarehe 1 Februari chombo kilisambaratika kikirudi duniani. Wanaanga wote 7 walikufa.

Slaidi moja kati ya hizo ilikuja kuchambuliwa na Edward Tufte, mtaalamu wa uonyeshaji wa takwimu, na tume ya uchunguzi ikaubeba uchambuzi huo kwenye ripoti yake ya Agosti 2003. Kichwa cha slaidi kilituliza: data za majaribio zinaonyesha makadirio yetu yana tahadhari ya kutosha. Chini yake vitone, ndani ya vitone vitone vidogo, ndani ya hivyo vingine vidogo zaidi. Huko chini kabisa ndiko ilikokaa habari yenyewe: povu lililogonga lilikadiriwa kuwa na ujazo wa inchi za ujazo 1,920, wakati kipande cha majaribio kilikuwa na inchi za ujazo 3. Mara 640! Kwa lugha nyingine, majaribio hayakuwa na lolote la kusema kuhusu ajali hii. Tume ilisema wazi kwamba ni rahisi mkubwa kuisoma slaidi hiyo asitambue kwamba inahusu uhai wa watu, na ikalaumu tabia ya kutumia slaidi mahali pa taarifa za kiufundi.

Sisemi slaidi ndiyo iliyowaua. Kilichowaua ni povu, na maamuzi ya watu. Ila nasimama na mtoa mada: kama hoja ni nzito, iandikwe.

Mkufunzi

Ndugu Nati, mfano wako unanisaidia mimi kuliko unavyomsaidia Kalamu. Lile jambo la inchi 3 lilikuwemo. Liliandikwa, tena likawekwa mbele ya wakubwa. Kasoro ilikuwa mahali lilipokaa. Kichwa cha slaidi kingesema "Majaribio tuliyonayo hayawezi kutuambia kama bawa limeumia", na chini yake vikachorwa vipande viwili kwa vipimo vyao halisi, kimoja kikubwa na kingine kama kete, hata asiye mhandisi angeuliza swali. Hiyo ni mbinu inayofundishika: kichwa kiwe sentensi kamili yenye dai, na mwili wa slaidi uwe ushahidi wa dai hilo. Michael Alley, anayefundisha uandishi wa wahandisi, ameipigania miaka mingi.

Ukitaka kuipima, soma vichwa peke yake kuanzia slaidi ya kwanza hadi ya mwisho. Ukikuta "Utangulizi, Hali Ilivyo, Changamoto, Hitimisho", faili hilo halina hoja ndani yake, hata liwe na chati nzuri namna gani.

Mwalimu Darasani

Naona wote mnazungumzia vikao vya wakubwa. Sisi wengine slaidi tunazitumia darasani, na huko mambo ni tofauti. Utafiti wa Mayer wenyewe una mipaka yake: kwa msikilizaji anayefundishwa kwa lugha isiyo yake, maandishi kwenye skrini yanaweza kumsaidia asipotee. Kwa hiyo ile amri ya "ondoa maneno yote, weka picha moja kubwa" msiigeuze dini. Mwanafunzi wangu hajui neno jipya linaandikwaje mpaka alione.

Waraka wa kurasa sita nao unataka watu wanaosoma kwa kasi inayokaribiana, waliokubali kukaa kimya, na hoja isiyohitaji mchoro. Mweleze mtu kwa aya jinsi moyo unavyosukuma damu, halafu mchoree. Utajua mwenyewe kipi kimeingia.

Kinachonikera mimi ni faili moja kufanyishwa kazi mbili. Msemaji anataka slaidi za kuzungumzia, halafu hizohizo azigawe kama maandishi ya kusoma nyumbani. Akijaza maneno, ukumbini hazifai. Akipunguza, aliyekosa kipindi haambulii kitu. Sehemu ya maelezo ya msemaji chini ya slaidi ipo kwa ajili hiyo. Andika huko aya zako zote, Kalamu, hata kurasa sita. Ukichapisha, slaidi inatoka juu na maelezo chini, na ukumbini hakuna anayeyaona.

Mpita Njia

Mnabishania kozi wakati siku hizi unaiandikia akili mnemba mstari mmoja tu, inakuletea slaidi zimekamilika na picha juu. Kozi ya nini tena?

Mkufunzi

Inakuletea vitone vilevile, Mpita Njia, kwa haraka zaidi. Tena vilivyopambwa, kwa hiyo utaona aibu kuvifuta.

Mbunifu

Niongeze dogo ambalo hata kozi nzuri hulisahau. Miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa kurasa za intaneti, WCAG, inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Kijivu juu ya cheupe, mtindo unaopendwa sana sasa, mara nyingi hakifiki hapo, na projekta iliyochoka inakimaliza kabisa. Chati za nyekundu dhidi ya kijani kuna watu hawazioni tofauti yake. Weka lebo kwenye mstari wenyewe, usimpe mtu kazi ya kulinganisha rangi. Na kila slaidi iwe na kichwa ndani ya kisanduku cha kichwa, maana asiyeona anayetumia programu ya kusoma skrini hutafuta njia kwa vichwa hivyo. Ukianza na slaidi tupu, Mkufunzi, unamnyima.

Mkufunzi

Hapo umenishika. Basi mpangilio wa "kichwa pekee", si slaidi tupu. Nabadilisha.

Kalamu Nyekundu (mtoa mada)

Nimewasoma wote. La herufi kujipunguza zenyewe nimelipokea, na la maelezo chini ya slaidi pia. Lakini msimamo wangu haujabadilika sana, kwa sababu Mkufunzi anatetea kozi yake yeye. Kozi anayoisema, yenye vichwa vya sentensi na kuzima vitone, ni somo la uandishi lililovaa koti la kompyuta. Ukiwatazama wengine wanavyotahini, bado wanahesabu: ameweka picha? Alama mbili. Ameweka mpito kati ya slaidi? Alama mbili. Alama za mpito!

Basi nilegeze. Kozi zibaki kwa sharti moja, mtihani ubadilishwe. Mtahiniwa apewe ripoti ya kurasa mbili asiyoijua, atengeneze slaidi tatu tu, na aandike kwa sentensi moja moja kwa nini aliyoyaacha ameyaacha. Kisha azungumze. Akifika katikati, msahihishaji abonyeze B, skrini iwe nyeusi, na yeye aendelee.

Mkufunzi

Nakubali yote isipokuwa slaidi tatu. Ziwe nne, moja iwe chati aliyoichora mwenyewe kutoka kwenye takwimu, vinginevyo sitajua kama anaijua programu au anajua kuongea tu. Swali langu kwako: nani atasahihisha hizo sentensi za alichokiacha? Mipito naihesabu kwa dakika moja. Hizo zinahitaji msahihishaji aliyeisoma ripoti yenyewe.

Nati na Bolti

Na aliyeielewa.