Kampuni inataka njia yetu ya kobalti, tuitoe namna gani?

Mutoto_wa_Labo: Bandugu, tuko kikundi cha labo hapa Lubumbashi, tumepata namna ya kutoa kobalti mu mabaki ya mine na asidi kidogo sana, sasa kampuni moja inataka kununua yote mara moja, feza mukononi, na prof anataka kwanza aisemee mu konferansi. Tufanye nini?

Metre wa Katuba: Prof angoje!! Mukiisha kuisema mbele ya batu, munaweza kukosa breve, ile karatasi ya serikali yenye kulinda uvumbuzi wenu. Na sheria yetu ya 1982 inalinda mu Kongo tu, Kongo haimo mu OAPI, lile shirika lenye kutoa breve moja kwa inchi mingi za Afrika, kwa hiyo inchi ingine ni dosye ingine. Kampuni isifungue kaye (daftari) zenu za labo mbele ya kusaini karatasi ya kutunza siri.

Ya Mado: Musiuze, mutoe lisansi, ni kusema ruhusa ya kuitumia. Breve inabaki ya univerisiti, kampuni inalipa ya kuingia kisha asilimia ku kila tani. Univerisiti ya Stanford ku Amerika ilitoa lisansi vile kwa Google, ikapewa hisa, ikaziuza kwa dola milioni 336. Na muandike: wakiikalia bila kuitumia, haki inarudia kwa univerisiti. Mashini ni ya nani?

Mutoto_wa_Labo: Ya univerisiti. Asidi tulinunua siye benyewe.

Ya Mado: Basi mutunze fakitire (risiti) za asidi, muandike kwanza nani atapata fungu gani, nyinyi na univerisiti, mbele ya kampuni kurudia.