Duka la vitu vya zamani Malindi: vitu vya kale, mtumba wa nyumba, au kazi mpya za Lamu?

KijanaWaShella (Malindi)
Assalaam alaykum wanabaraza. Nimepata chumba cha duka hapa Malindi na njia ninazoziona ni tatu. Kwanza, vitu vya kale hasa: masanduku ya njumu (yaliyopambwa kwa shaba), viti vya enzi (vile viti vikubwa vya heshima vya Waswahili), sinia za shaba, na milango ikipatikana. Pili, mtumba wa nyumba: makabati, friji, vitanda vya Wataliano wanaohama. Tatu, kuchukua kazi mpya kwa mafundi wa Lamu na kuziuza kwa upya wake. Njia ya kwanza ndiyo yenye pesa, lakini kuna mtu amenitisha kuwa ni njia ya jela. Zile mbili nasikia ni leseni ya kaunti tu. Wenye uzoefu nisaidieni kulinganisha.

MzeeWaLangoni (Lamu)
Wa alaykum salaam mwanangu. Aliyekutisha hakukosea sana. Sheria ni ile ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya 2006. Kitu cha kuhamishika kilichotengenezwa Kenya au kuletwa Kenya kabla ya 1895, huo mwaka Waingereza walipotangaza himaya yao huku, kinahesabiwa kuwa kitu cha kale. Milango ina tarehe yake peke yake: mlango au fremu iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki kabla ya 1946 imelindwa. Hapo ndipo vijana wengi hunaswa. Mtu aona mlango wa 1930, ajiambia "huu si wa kale", amekwisha.

Kuuza vitu hivyo kama biashara kwataka leseni, na leseni hiyo haitoki kaunti. Kuvitoa nchini kwataka kibali kingine. Kuung'oa mlango ukaupeleka nyumba nyingine humu humu Kenya, pia kibali. Na hapa kwetu nyumba yenyewe iko ndani ya mji wa kale ambao UNESCO waliutia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, kwa hivyo ukigusa miimo (miti ya kando ya mlango) au mfaa (mti wa katikati), watu wa makumbusho watakuja kuuliza hata kama hujauza.

Jambo jingine ambalo hukuuliza. Viti vya enzi vingi vya zamani vimetiwa nakshi ya mfupa, na vingine ni pembe ya ndovu. Ukiwa na pembe bila kibali umeingia katika sheria ya wanyamapori ya 2013, na hiyo haina mzaha kabisa. Gamba la kasa vilevile.

DadaMtumba_MLD
Kaka Shella, njia ya pili ndiyo yangu. Usidanganywe na "leseni ya kaunti tu". Hatari ya mtumba ni mali ya wizi. Leo unaletewa televisheni na kijana mpole, kesho mwenyewe anapita dukani anaitambua. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 322, kushika mali ya wizi: hadi miaka 14. Sheria inasema uwe ulijua au ulikuwa na sababu ya kujua, na bei ya chini kupita kiasi ndiyo sababu ya kwanza watakayokuonyesha.

Mimi nina daftari. Jina la muuzaji, namba ya kitambulisho, simu, tarehe, namba ya mashine ikiwa ni kitu cha umeme, na sahihi. Asiyetaka kuandikwa, simnunulii hata kama ni sufuria. Wakinicheka wacheke.

MwambaoSydney
Kuongezea ya dada. Huku niliko, jimbo la New South Wales, hilo daftari si hiari, ni sheria tangu 1996. Muuza mitumba ana leseni, anamtaka muuzaji kitambulisho, rekodi zinafika polisi, na bidhaa nyingi zilizoorodheshwa haziruhusiwi kuuzwa mpaka zikae dukani siku 14 ili mwenye mali apate nafasi ya kuzitafuta. Kwetu Kenya naona kitu kinachofanana na hilo ni Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 tu, na hiyo ni ya skrepu.

DadaMtumba_MLD
Siku 14 kwa chumba changu cha futi kumi? Nitalala wapi mie 😂

PateMashariki
Nyote mwasifu sheria. Semeni na upande wa pili. Familia ina kiti cha bibi, paa lavuja, hawana pesa. Kwa kuwa muuzaji halali ni nadra, huja dalali usiku, atoa pesa ya kitoweo, na kiti chafika Nairobi kikauzwa mara kumi ya hiyo. Sheria imemlinda nani hapo? Kiti kimeondoka na bibi hakufaidi.

MzeeWaLangoni (Lamu)
Yakhe, hilo la dalali ni kweli, nami limenikera miaka. Lakini mrithi hakatazwi kuwa na kiti chake. Kinachodhibitiwa ni biashara yake na safari yake. Laiti makumbusho wangekuwa na fungu la kuwanunulia watu kwa bei ya haki, dalali angekosa kazi. Hapo nakubaliana nawe, na sina jibu.

FundiMkomani (Lamu)
Mie ni mchongaji, niseme la njia ya tatu. Kuna wenye maduka huja wakaniambia "fundi, mzeeshe huyu mlango". Maana yake nimpige mbao kwa mnyororo, nimpake majivu na chai, atoke kama wa zama za Masultani. Sikatai kuzeesha, ni ufundi. Nakataa risiti isemayo "mwaka 1890". Kwanza ni kumwibia mgeni. Pili, mgeni huyo akifika uwanja wa ndege na karatasi yako isemayo 1890, afisa ataiamini karatasi! Umeshitakiwa kwa uwongo wako mwenyewe, na mlango ni mwembe wa mwaka jana.

Andika aina ya mti, mahali palipochongwa na mwaka wa kweli. Mbambakofi ni ghali, mwembe ni rahisi, mteja achague. Mie huchonga na tarehe nyuma ya mfaa.

KijanaWaShella (Malindi)
Mwanga umeanza kuingia. Sinia na dele (birika za kahawa) za shaba je? Na kuna mtu wa bara ya Malindi ameniambia anaweza kuniletea vigango.

DadaMtumba_MLD
Shaba ikivunjika ukainunua kwa kilo, tayari wewe ni mtu wa skrepu, utafute leseni ile ya vyuma chakavu. Kumbuka Januari 2022 rais alivyoipiga marufuku biashara yote kwa sababu ya nyaya za umeme kuibwa, ikafunguliwa tena Mei na masharti mapya. Waliokuwa na mzigo dukani walikaa nao. Sinia nzima, inayoeleweka ni ya juzi, uza kwa raha zako.

Vigango USIGUSE. Hicho ni kigingi cha marehemu wa Gohu (chama cha wazee wa heshima), familia ya Kigiriama humsimamishia mzee wao. Si pambo. Viwili vilivyoibwa 1985 vilirudishwa kutoka Marekani 2007, na makumbusho ya Denver yakarudisha 30 mwaka 2019. Huyo mtu wako mkatie simu.

KijanaWaShella (Malindi)
Nimemkatia. Basi naanza na kazi mpya za Lamu mbele ya duka, mtumba nyuma, na daftari kama la dada. Vya kale nitavikaribia siku nikipata leseni, la sivyo basi. Fundi, nikitaka masanduku sita na milango miwili midogo, malipo huwaje?

FundiMkomani (Lamu)
Nusu kabla, nusu ukichukua. Usafiri wa Mokowe (gati ya bara, ng'ambo ya Lamu) hadi Malindi ni juu yako, na funga pembe za masanduku kwa magunia, mabasi hayana huruma. Usije wiki ya Maulidi, hutamkuta fundi hata mmoja.

PateMashariki
Na kiti cha bibi?

MzeeWaLangoni (Lamu)
Kipigwe picha kila upande, iandikwe ni cha nani na kilirithiwa kwa nani, kisha wapeleke picha kwa watu wa makumbusho pale Lamu waulize tarehe yake kabla ya dalali kurudi. Kikiwa na nakshi nyeupe, waulize pia ni mfupa au ni pembe.