Mrejesho: Vidole vya miguu kufa ganzi nikikimbia

Wakuu, asanteni. Niliuliza kuhusu vidole kufa ganzi nikifika kilomita ya 4, njia ya Raskazone hapa Tanga. Kilichosaidia zaidi ni ufungaji wa kamba za viatu: nimeruka matundu mawili yanayokandamiza mgongo wa mguu, nikalegeza ya mbele, nikakaza tundu la mwisho ili kisigino kisicheze. Sasa ganzi inaanza kilomita ya 9. Viatu nimetoka 42 kwenda 43. Vijaribuni jioni, mguu ukiwa umevimba, mbele ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Kuvaa soksi mbili kwa pamoja kumefeli kabisa, zinabana tu (na joto letu hili!). Kidole cha tatu na cha nne, mguu wa kulia, bado vinakufa ganzi. Aliyenijibu kwamba neva (mshipa wa fahamu) imebanwa huenda kapatia, naenda kupimwa.