Naomba ushauri: kupima unyumbufu wa nyuzi za sauti kwa ultrasaundi

Wadau, habari za kazi. Niko Nairobi, natafuta njia ya kupima unyumbufu wa nyuzi za sauti za walimu na waimbaji wa kwaya bila kuwaingiza kamera kooni. Kifaa ni ultrasaundi ya kawaida, probu (kichwa cha kifaa kinachogusa ngozi) bapa ya megahezi 10, jeli ya kutosha, probu ikilazwa ubavuni mwa kikoromeo.

Picha iliyotulia si shida. Shida ni mwendo. Mwanamume akisema "aaa" kwa hezi 110, mzunguko mmoja ni milisekunde 9. Mashine ya picha 40 kwa sekunde inachukua moja kila milisekunde 25, kwa hiyo unaona ukungu tu. Wimbi la utando (mtikisiko unaopita juu ya ngozi laini ya nyuzi, ambao kasi yake hudokeza unyumbufu) husafiri takriban mita 1 kwa sekunde, yaani milimita 2 kwa milisekunde 2. Ukipiga picha 1,000 kwa sekunde, unapata moja kila milisekunde 1, yaani mbili tu ndani ya muda huo. Picha 5,000 zingefaa, lakini mashine za namna hiyo ni adimu.

Je, modi ya M (inayorekodi mwendo kwa kasi kubwa) inatosha, ilhali inafuata mstari mmoja tu? Au Doppler ya rangi, inayoonyesha mwendo kwa rangi?

Pili, sauti ikipanda nyuzi hukazwa, na kasi ya wimbi hupanda pia. Mnatenganishaje mkazo na ugumu wa tishu yenyewe?

Wazee wengi nao gegedu ya kikoromeo imeshaanza kuwa mfupa, mawimbi ya ultrasaundi hayapenyi vizuri. Kuna aliyefaulu kupitia pengo la chini ya gegedu?