Darubini ya bunduki ya .22: nibadilishe pete au darubini yenyewe?

Muulizaji, Tanga
Habari za jioni, ndugu zangu. Ninamiliki bunduki ya .22 (ile ya risasi ndogo) kwa leseni, na juzi nilijaribu kuhamishia juu yake darubini ya bunduki yangu kubwa, lakini pete zinazoishika darubini juu ya bunduki zilicheza hata nilipozibana kwa nguvu zote. Nianzie wapi?

Jibu la kwanza
Usizilazimishe, ndugu. Bunduki nyingi za .22 zimechongwa juu mifereji miwili sambamba, iliyoachana kwa takriban milimita 11, ilhali pete za bunduki kubwa hutengenezwa kushika reli ya juu ya bunduki yenye upana wa milimita 21 hivi. Pima pia bomba la darubini, kwani lipo la milimita 25.4 na la 30, na pete ya 30 haitalishika lile jembamba hata ukijaza mpira (nimewahi kukiona kipande cha ndala kikifanya kazi hiyo, maskini).

Jibu la pili
Pete ni nusu ya tatizo. Darubini za bunduki kubwa kwa kawaida husawazishwa kiwandani ili msalaba wa kulengea ulio ndani yake utulie juu ya shabaha iliyo yadi 100 au zaidi, na za .22 kwa yadi 50. Ndiyo maana ukilenga karatasi iliyo karibu, msalaba huonekana kuhama juu ya shabaha kila unaposogeza jicho. Mimi ningenunua ya .22.

Jibu la tatu, Bagamoyo
Hakikisha kwanza bunduki haina risasi. Kaza skrubu kwa zamu, robo mzunguko kila moja, na uzifute kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Huku kwetu pwani hewa ya chumvi hailali, na zangu ziliota kutu.

Muulizaji
Nimepima: mifereji imeachana kwa milimita 11. Ahsanteni.